Lambo la Mwajigulu: Maisha ya Donatus Bujiku, Mchunguzi wa Konokono (1953–2025)

Marehemu Donatus Bujiku alizaliwa tarehe 19 Novemba 1953 katika kijiji hiki cha Mwajigulu, jirani na Songwa, eneo ambalo siku hizi ni wilaya ya Kishapu na wakati ule tuliliita Shinyanga tu. Alikuwa mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Bujiku Ng'wandu, mfugaji, na Bi. Holo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa ukali wake na kwa michembe yake ya viazi vitamu. Mimi ninayesoma ni Euphrasia, Mama Violeth, kitinda mimba wa nyumba hiyo. Wanne walishatangulia. Tulikuwa tumebaki wawili, yeye na mimi, na tangu Jumanne nimebaki peke yangu.

Naomba niseme jambo moja kabla ya kuendelea, msije mkadhani uchungu umenitoa akili. Mwezi Januari mwaka huu, Marehemu akiwa wodini, aliniambia, "Wasifu wangu usome wewe, Euphrasia. Na usiruke mahali." Nikamuuliza mahali gani. Akasema, "Unapajua." Juzi Bwana Marselino, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, aliposoma nilichoandika alinifuata jikoni ameshika karatasi kwa vidole viwili. "Mama Violeth, haya si ya msibani. Mtu ameshakufa, tumsitiri." Kabla sijamjibu, wifi yangu Zipora, ambaye ndiye mjane, akasema kutoka pale mkekani alipokuwa amekaa, "Marselino, mume wangu aliomba yasomwe. Mwache asome." Ndiyo maana ratiba mliyoshika ina kurasa nyingi kuliko mlivyozoea.

Marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1962 katika shule ya msingi ya hapa kijijini. Watoto wenzake walijifunza kuhesabu kwa vijiti. Yeye alikwenda na magamba ya konokono, mfuko mzima, aliyoyaokota kwenye majaruba ya mpunga. Mama alipenda kusimulia kwamba mwalimu alipomwambia apange kumi atoe tatu, alikataa kuyachanganya. "Mwalimu, hawa si ndugu," alisema. "Huyu mdomo wake uko kulia, huyu uko kushoto. Nitawahesabuje pamoja?" Alichapwa viboko vitatu kwa ubishi. Baada ya wiki moja mwalimu yule yule alimwita pembeni, akamwomba amwonyeshe tena hiyo midomo.

Watoto wote wa Mwajigulu wanajua alichomwonyesha mwalimu, kwa sababu aliwafundisha mpaka wakachoka. Unamshika konokono wa majini, ncha yake kali juu, mdomo wa gamba ukutazame. Mdomo ukiwa kulia, mwache aende zake. Ukiwa kushoto, huyo ndiye anayebeba kichocho cha mkojo. Ndani yake vinakua vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinatoka kwenda majini, na mtu akiingia kuoga au kufua vinampenya ngozi bila yeye kuhisi chochote. Marehemu alimaliza kidato cha nne mwaka 1972, akaenda Mwanza kusomea ufundi wa maabara, na mwezi Januari 1976 akaajiriwa katika idara ya afya Shinyanga mjini.

Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kukaa kwenye kiti na kupima mikojo ya wanafunzi. Kazi aliyoifanya ilikuwa kutoka na baiskeli, buti za mpira na chekeche lenye mpini mrefu, na kuingia katika kila dimbwi, kila jaruba na kila lambo kuanzia hapa mpaka Kahama. Wakubwa zake walilalamika, kisha wakazoea. Bwana Mihir, mwenye duka la vipuri vya baiskeli mjini, ambaye leo mmemwona ameketi mbele kwa sababu miguu haimbebi tena, alikuwa anamwekea maboksi matupu ya gololi. Kila boksi liliingia konokono wa bwawa moja, pamoja na kikaratasi chenye jina la bwawa, tarehe, na kama maji yalikuwa mengi au machache. Siku anafariki maboksi hayo yalikuwa 3,912. Chumba kizima cha nyumba hii ni chao, na wageni wamelala sebuleni.

Mwaka 1984 alikuwa Maganzo, anachekecha tope katika shimo lililoachwa na wachimbaji wa almasi. Maganzo mnaijua. Mtu akionekana pale na chekeche na viboksi vidogo vimejaa mifukoni, hapati hata nafasi ya kunywa chai peke yake. Madalali walimfuata tangu asubuhi, na alipoketi mgahawani wakamzunguka watu saba.

"Ndugu, fungua boksi tuone mzigo."

Akafungua.

"Hiki nini?"

"Konokono."

"Kwa nini umemficha?"

"Sijamficha. Amelala."

Walifungua maboksi yote, moja baada ya jingine, wakawageuza konokono kwa kucha, wakawanusa. Mmoja alimvunja konokono wake katikati kuangalia kama kuna jiwe ndani, na Marehemu akataka kupigana. Aliyemwokoa ni Bwana Mihir, ambaye kwa bahati alikuwa amepeleka matairi duka la jirani. Aliwaambia, "Mwacheni huyu. Hata mkimpa almasi atauliza mdomo wake uko upande gani." Tangu siku hiyo Maganzo walimwita Mzee wa Konokono, ingawa alikuwa na miaka thelathini tu.

Wataalamu kutoka nje walikuja mara mbili miaka hiyo. Aliwapeleka porini, akawabebea mizigo, akawaonyesha konokono mdogo wa kwenye mbuga ambaye wao hawakuwahi kumwona. Chapisho lao lilipofika alilipitia lote akitafuta jina lake. Alikuta "fundi mwenyeji". Aliniambia si jina baya. Mimi naona lilikuwa baya.

Tarehe 12 Septemba 1981 Marehemu alifunga ndoa na Zipora, mshonaji wa Runzewe. Walikutana sokoni huko, akamwomba amshonee chekeche jipya kwa kitambaa cha chandarua, na Zipora alipomuuliza la nini akajibiwa kwa muda wa saa nzima. Wifi anasema alikubali kuolewa kwa sababu hakuwahi kukutana na mwanamume anayeongea sana namna ile bila kujisifu. Alipoingia nyumba ya mumewe alikuta mabeseni kumi na moja, yote yana konokono hai, wanalishwa mchicha. Asubuhi ya kwanza ya ndoa aliamka akapika mboga. Mumewe akaja jikoni akasema, "Mama, umepika chakula cha wagonjwa wangu." Walibarikiwa watoto watatu, Enock, Scolastika na Elizeus.

Sasa nimefika mahali palipomsumbua Bwana Marselino.

Lambo la kijiji lilichimbwa mwaka 1988 kwa ajili ya ng'ombe. Sisi wanawake tulikuwa tunafuata maji ya kuogea na kufulia kilomita nne, na lambo liko mlangoni linatutazama. Serikali ya kijiji ilikataza watu kuingia mpaka lipimwe kichocho. Wa kulipima tulikuwa naye, mtoto wa nyumbani. Mwezi Oktoba 1991 alikuja na chekeche lake. Mvua zilikuwa bado. Maji yalibaki katikati tu, na pembeni kote udongo mweusi ulikuwa umekauka na kupasuka. Alichekecha yale maji siku tatu, kutoka asubuhi mpaka jioni. Hakupata konokono hata mmoja wa mdomo wa kushoto. Siku ya nne, kwenye mkutano wa kijiji, alisimama akasema, "Maji ni salama. Ogeni." Tulipiga vigelegele. Alichora kibao cha bati kwa mkono wake: MAJI YAMEPIMWA. HAYANA KONOKONO WA KICHOCHO. D. BUJIKU. Wa kwanza kuingia majini nilikuwa mimi na binti yangu wa pekee, Violeth, aliyekuwa na miaka tisa. Niliingia kwa maringo, kwa sababu mtaalamu alikuwa kaka yangu.

Mwaka 1993 Violeth alianza kutoka damu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Huku kwetu mvulana akikojoa damu watu walikuwa wanacheka tu, wanasema amekuwa mwanamume. Kwa binti, mimi nilidhani amevunja ungo mapema. Nilimwita shangazi yake, akamfunda siku mbili, akampa khanga mpya. Mtoto akaniambia, "Mama, inauma nikienda haja ndogo." Nikamwambia atazoea, wanawake wote tumezoea. Jirani yangu mmoja aliuliza kama si kichocho. Nilimjibu kwa ukali, na maneno yangu nayakumbuka. "Kichocho cha wapi? Maji yetu yamepimwa na kaka yangu." Ikapita karibu miaka miwili.

Mwezi Mei 1995 Violeth alivimba miguu nikampeleka hospitali. Daktari alisema ni kichocho cha siku nyingi, na kwamba figo moja imeshaharibika na ya pili imeanza. Nilitoka pale moja kwa moja mpaka kazini kwa kaka.

"Labda alioga kwingine," alisema.

"Wapi?"

"Songwa. Au alikokwenda kutembea."

"Kaka, mtoto huyu hajalala nje ya Mwajigulu hata siku moja."

"Lambo nililipima mwenyewe, Euphrasia. Siku tatu." Aliyasema hayo huku anafungua daftari lake kunionyesha tarehe. Sikuliangalia.

Nadhani hata yeye hakulala vizuri baada ya hapo. Agosti mwaka ule lambo lilikauka kabisa. Alikuja na jembe bila kumwambia mtu, akachimba bonge la tope kavu, gumu kama tofali, akalitia kwenye gunia akaenda nalo mjini. Akalitumbukiza katika sufuria ya maji uani kwake. Wifi anasema asubuhi ya siku ya pili alimkuta amechuchumaa mbele ya sufuria, chai yake imepoa pembeni. Konokono kumi na saba walikuwa wanapanda ukingo wa sufuria. Wote midomo kushoto. Kiangazi kilipoanza walijifukia kwenye tope, na walikaa humo wakiwa hai wakisubiri mvua. Mwaka 1991 kaka alichekecha maji. Tope hakulichimba.

Jumapili iliyofuata alipanda baiskeli zaidi ya kilomita thelathini, sufuria imefungwa kwenye karia kwa mpira. Alinikuta uani napepeta choroko. Aliiweka chini mbele yangu, akafunua mfuniko, akasema, "Walikuwemo. Ni mimi, Euphrasia." Hakuongeza neno. Mimi niliongeza mengi, na mengine hayafai kusomwa mbele ya padri. La mwisho nilimwambia, "Toka kwangu." Akaibeba sufuria yake akatoka.

Hakurudi mjini siku hiyo. Aling'oa kibao, kisha akazunguka nyumba themanini na nne za kijiji hiki, moja baada ya nyingine, kwa siku tatu. Kila nyumba alisema maneno yale yale: nilikosea, msiingie tena majini, wapelekeni watoto hospitali wapimwe. Wengine walimpa kiti. Wengine walimfungulia mbwa. Watoto arobaini na mmoja walikutwa na ugonjwa, wakapewa vidonge, wakapona kwa sababu waliwahi. Baadhi yao wako hapa na watoto wao. Kosa lake aliliandika pia kwa mkubwa wake wa kazi, ukurasa mzima, akasaini. Mwaka 1996 aliomba kuhamia Geita. Watu walisema amekimbia aibu. Mimi ndiye niliyeanza kusema hivyo.

Violeth alipata dawa, na wale wadudu walikufa, lakini figo hazikurudi. Alisoma mpaka kidato cha pili, akajifunza ushonaji kwa wifi Zipora. Yeye hakumnunia mjomba wake hata siku moja. Alikuwa anasema, "Mama, konokono hakuwaweka mjomba," nami namwambia anyamaze. Alifariki tarehe 3 Juni 2004, akiwa na miaka ishirini na mbili. Siku ya mazishi yake Marehemu alikuja kutoka Geita, akasimama nje ya ua na vijana waliokuwa wanachanganya zege. Hakuingia ndani kwa sababu sikumkaribisha. Nilimwona. Nilimtazama, kisha nikaangalia pembeni.

Miaka ya Geita naijua kwa kusimuliwa, na walionisimulia wameketi hapa. Kule aliwakuta wachimbaji wadogo wa dhahabu. Wanachimba duara, yaani shimo la dhahabu, wakimaliza au wakishindwa wanaliacha, mvua inalijaza, nao wanarudi kuoga, kufua na kuoshea mawe humo humo. Ndani yake aliwakuta konokono wa aina nyingine, bapa kama kifungo cha koti, wanaobeba kichocho cha tumbo. Herman, ambaye ni mmoja wa waliobeba jeneza leo, alikuwa kijana wa kusukuma karasha, mashine ya kusaga mawe, wakati huo. Anasema walidhani Mzee ana siri ya dhahabu. Walimwambia, "Mzee, ukipata kitu kwenye hayo matope tugawane." Akawajibu, "Nikipata chukueni yote, niachieni konokono tu." Walimcheka sana. Kisha mwenzao mmoja alitapika damu mgodini akafa, na walioachwa wakaacha kucheka. Kwa miaka kumi na saba aliwasihi wafukie maduara yaliyoachwa, na kwa hesabu ya Herman walifukia zaidi ya sitini, wakinung'unika, yeye mwenyewe akiwa na koleo.

Ila tangu ile sufuria hakuna maji aliyoyaita salama tena. Kila kiangazi alichimba tope kavu, akaliloweka, akangoja wiki mbili. Viongozi wa vijiji walimbana aseme kama bwawa ni zuri au baya. Aliwajibu, "Sijawaona. Sijasema hawapo." Wengine walimwona anawachelewesha, na mmoja alimwandikia barua ya malalamiko. Aliihifadhi barua hiyo kwenye boksi la gololi kama konokono.

Alistaafu mwaka 2013 akarudi kujenga hapa, hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu. Tulionana karibu kila siku. Mimi ni mdogo, nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikapita. Yeye alijaribu. Aliniuliza habari za mgongo wangu, aliniletea mbegu za mchicha, alimtuma wifi na sukari. Sukari niliipokea. Neno jingine zaidi ya shikamoo hakulipata kwangu, tangu siku ile ya sufuria, mwaka 1995, mpaka alipolazwa.

Mwaka 2022 Marehemu alianza kuvimba tumbo. Vipimo vilionyesha ini limeharibika kwa kichocho cha tumbo, cha yale maji ya Geita. Buti zake za mpira zilikuwa na viraka vingi kuliko mpira. Alipoambiwa alicheka, akamwambia daktari, "Nimewasoma miaka arobaini, kumbe na wao walikuwa wananisoma." Aliendelea kutembea na fimbo mpaka lambo, akiwaonyesha wanafunzi wa Scolastika, ambaye ni mwalimu wa biolojia, namna ya kupasua bonge la tope bila kumvunja aliyemo. Tarehe 6 Januari 2025 alitapika damu, akalazwa Shinyanga mjini. Wauguzi walimhudumia vizuri na familia inawashukuru. Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Marehemu ameacha mjane, Zipora, watoto watatu, Enock, Scolastika na Elizeus, wajukuu saba, na mdogo wake mmoja, ambaye ni mimi. Maboksi yake ameachiwa Scolastika, ayapeleke shuleni kwake. Familia inawashukuru nyote mliofika, ndugu zetu wa Geita mliosafiri tangu alfajiri, na Bwana Mihir.

Wasifu ulipaswa kuishia hapo, na Bwana Marselino ananionyesha saa yake. Lakini kosa la kaka mmelisikia, na aliwahi kulisema mwenyewe nyumba kwa nyumba. Liko na la kwangu, ambalo sijalisema popote.

Mwezi Septemba 2011, mchana, jua likiwa kali, nilikuwa natoka kisimani na ndoo kichwani nikapita juu ya tuta la lambo. Alikuwa amekuja likizo. Lambo lilikuwa limekauka, na yeye alikuwa katikati, peke yake, amepiga magoti. Anachukua bonge la tope, analipasua kwa mikono, anatazama ndani, analiweka pembeni, anachukua lingine. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Nilisimama pale. Niliitafuta ile hasira niliyoishi nayo miaka kumi na sita nikaona haipo, wala sijui ilitoka lini. Ilibaki aibu tu, aibu ya kuanza. Nilikuwa na ndoo nzima ya maji, naye alikuwa hana hata kikombe. Nilitakiwa kusema, "Kaka, njoo unywe," basi, tungekuwa tumemaliza. Nilikwenda zangu. Nikajiambia nitamwambia Krismasi. Krismasi ikafika nikajiambia Pasaka. Alipohamia hapa nikajiambia muda upo, si ni jirani.

Mwezi Januari aliponiomba nimsomee wasifu nilijua anataka nini. Midomo yangu ilikuwa imeshafunguka. Nikasema, "Sawa, nitasoma," nikafunga khanga yangu vizuri nikatoka kuwahi gari. Nilikwenda mara mbili nyingine, nikamwogesha, nikamkata kucha, nikazungumza na wauguzi. Jumamosi iliyopita nilimuaga, nikamwambia nitarudi Alhamisi.

Zipora ameniambia kwamba Jumatatu kaka alimuuliza, "Euphrasia amesema chochote?" Akamjibu, "Amesema atakuja Alhamisi." Kaka akasema, "Basi nitamsubiri."

Donatus, nimekusamehe. Nilikusamehe miaka kumi na tatu iliyopita, kwenye tuta, na leo watu wote hawa wamesikia isipokuwa wewe. Mungu akupe pumziko ambalo mimi nilikuwa nalo mkononi nikakunyima.